Mnyama akivaa jezi

Jumapili mchana, makarasha, yaani mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, yakipunguza kelele kidogo, mtoto wa Makongolosi ana sehemu mbili za kwenda. Ya kwanza ni uwanja wa vumbi, ambako mpira wa makaratasi na kamba huchezwa mpaka jua lizame. Ya pili ni banda la video. Kwa msomaji ambaye hajafika huko, Makongolosi ni mji mdogo wa wachimbaji wilayani Chunya, mkoani Mbeya. Lami ya kilometa 39 kutoka Chunya imeshafika, na mbele ya hapo barabara inashika njia ya Rungwa hadi Itigi. Tangu miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipoanza kuvuta watu kutoka kila upande, eneo hili limekuwa la watu wazima waliokuja kutafuta, na starehe zake nyingi zimepangwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye fedha ya leo mfukoni.

Bandani hali ni hiyo hiyo. Ingia utakuta mabenchi ya mbao, ukuta wa turubai, televisheni iliyoinuliwa juu ili hata wa nyuma aione, na spika ambayo sauti yake hufika barabarani. Kinachoonyeshwa ni mpira wa ligi, ngumi, au filamu ya bunduki. Watoto hujipenyeza wanavyoweza na kuketi chini mbele kabisa. Lakini mama anayeuza maandazi hapo nje hawezi kumshika mkono mwanawe wa miaka saba, akaingia naye, wakakaa benchi moja na kucheka jambo moja. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Familia ya mchimbaji hukutana kwa nadra. Baba yuko duarani kwenye shimo la dhahabu, au mwaloni mawe yanakochakatwa, mama yuko gengeni, watoto wako mtaani. Ikipata saa mbili za kukaa pamoja, inastahili kuwekewa kitu kinachowafaa wote.

Kitu hicho kipo, na kimekuwapo kwa miaka mingi. Ni filamu ya vichekesho ya familia ambayo shujaa wake ni mnyama mwanamichezo: mbwa anayecheza mpira wa kikapu, punda milia anayeshindana na farasi, nyumbu anayepiga mpira kwa kwato. Wakosoaji wengi wa sinema huzipita filamu hizi bila kuzitazama mara mbili. Mimi naziona kuwa miongoni mwa kazi za heshima kubwa ambazo sinema imewahi kuwafanyia watoto, na nasikitika kwamba sisi wenye wanyama na wenye hadithi zao hatujatengeneza hata moja inayojulikana.

Tuanze na ile inayotajwa kwanza kila aina hii inapozungumziwa. *Air Bud* ilitoka Agosti 1997 chini ya Disney, ikiongozwa na Charles Martin Smith. Josh Framm ni kijana wa miaka 12. Baba yake, rubani, amekufa kwa ajali ya ndege. Mama amehamia na watoto kwenye mji mdogo wa Fernfield, ambako Josh hamjui mtu na hana ujasiri wa kujiunga na timu ya shule ingawa mpira wa kikapu anaujua. Huko anakutana na mbwa aliyepoteana na bwana wake, mchekeshaji wa sherehe za watoto aitwaye Snively, ambaye jukwaani huchekesha na nyuma ya pazia hupiga. Kijana aliyefiwa na mbwa aliyepigwa wanaanza kucheza pamoja kwenye uwanja uliotelekezwa. Mbwa anaruka, anaupiga mpira kwa pua, nao unaingia kikapuni.

Sifa ya filamu hii ni kwamba mambo mazito yamewekwa mahali ambapo mtoto anayafikia. Kocha wa kwanza wa timu anaondolewa kwa sababu ya kumrushia mtoto mipira kwa nguvu ili eti ajifunze kudaka. Anayechukua nafasi yake ni Arthur Chaney, mzee anayefanya usafi shuleni, mchezaji mkubwa wa zamani ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza alikotoka. Bill Cobbs aliigiza nafasi hiyo kwa utulivu unaomfanya mtazamaji atake kumsikiliza kila anapofungua mdomo. Katika mji kama Makongolosi, ambako mlinzi wa getini au mzee wa kusaga mawe anaweza kuwa aliwahi kuichezea timu ya mkoa, mtu kama Chaney hahitaji kuelezwa na yeyote.

Kisha inakuja fainali. Timu imepungukiwa na mchezaji. Mbwa anaingia akiwa na jezi na viatu vinne miguuni. Wapinzani wanapinga. Mwamuzi anapekua kitabu cha kanuni na kukuta hakuna kifungu kinachomkataza mbwa kucheza mpira wa kikapu. Ukumbi unalipuka, na bandani watoto nao hulipuka kwa sababu wanalijua jambo hili mwilini. Mpira wa mtaani una kanuni zake. Goli ni mawe mawili yasiyo na mwamba wa juu, kwa hiyo kila bao la juu huzaa ugomvi: umepita, haujapita. Mwenye mpira akiitwa nyumbani mechi imekwisha. Mdogo asiyetakiwa na timu yoyote huambiwa akae golini. Mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba kanuni haimruhusu anapoona kanuni iko kimya, na ukimya huo unamfungulia mlango yule aliyedharauliwa, hacheki kwa sababu ya mbwa peke yake.

Ipo sababu nyingine inayoifanya filamu hii ifae bandani, nayo haizungumzwi vya kutosha. Mbwa wa *Air Bud* hasemi. Kwa miongo kadhaa watazamaji wa mabanda yetu wameishi kwa msaada wa watafsiri, wale wanaokaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Hapa Tanzania jina kubwa lilikuwa la Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Ni sanaa kamili, na wengi tulijifunzia huko jinsi ya kusimulia. Lakini watafsiri hufuata soko, na soko lao ni mapigano. Filamu ya mtoto na mbwa haikupata mtafsiri, na kwa bahati njema haikumhitaji sana. Mbwa akiinamisha masikio kila mtu ameelewa. Snively anaponyanyua gazeti lililokunjwa, lile alilozoea kumpigia, na mbwa akalirukia na kulirarua mbele ya hakimu kabla ya kukimbilia kwa Josh, mtoto ambaye hajui neno la Kiingereza ameielewa hukumu sawa na mwenye shahada. Hakimu alikuwa ameagiza mbwa mwenyewe achague nani wa kwenda naye. Mfugaji wa Chunya hawezi kuiona hiyo kuwa ajabu. Ng'ombe hulijua zizi lake.

Mbwa aliyeigiza aliitwa Buddy, na maisha yake yana uzito kuliko filamu yenyewe. Alikuwa mbwa koko. Mwaka 1989 mwanamume mmoja, Kevin DiCicco, alimkuta akizurura kwenye milima ya Sierra Nevada, California, akamchukua, akaanza kumfundisha michezo. Walipata umaarufu kwenye vipindi vya televisheni, kisha filamu. *Air Bud* ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 3 na kuingiza zaidi ya dola milioni 27 kwenye majumba ya sinema. Mwaka huohuo Buddy alikatwa mguu kwa sababu ya saratani, na Februari 1998 akafa. Filamu ziliendelea na mbwa wengine: mpira wa Kimarekani mwaka 1998, soka mwaka 2000, besiboli mwaka 2002 na mpira wa wavu mwaka 2003. Ile ya soka ingewafaa sana wasichana wetu, kwa sababu ndani yake wamo wachezaji wa kweli wa timu ya wanawake ya Marekani iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1999, akiwemo Brandi Chastain na golikipa Briana Scurry.

Si kila filamu ya aina hii inastahili sifa, na hapa lazima nisimame kidogo. Mwaka 2000 Robert Vince, mmoja wa waliotayarisha *Air Bud*, aliongoza *MVP: Most Valuable Primate*. Mchezaji ni sokwe mtoto aitwaye Jack, anayetoroka maabara na kujikuta katika timu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu huko Kanada. Kuna vichekesho vizuri. Lakini Mtanzania hawezi kuitazama kama wanavyoitazama wengine. Gombe iko kwetu, Kigoma. Mtafiti Jane Goodall alifika hapo Julai 1960, na yaliyoonekana kwenye miteremko ile ndiyo yaliyoufundisha ulimwengu kwamba sokwe mtoto hukaa na mama yake kwa miaka mingi, ananyonya, anabebwa, anajifunza kwake kila kitu. Sokwe wanaoigiza kwenye filamu karibu wote ni watoto, kwa sababu sokwe mtu mzima ana nguvu za kumvunja binadamu. Ili wafunzwe, hutenganishwa na mama zao mapema. Goodall alipinga matumizi hayo mpaka mwisho wa maisha yake, na alikuwa na haki. Leo sinema inaweza kumchora sokwe kwa kompyuta bila kumgusa wa kweli, na filamu za sayari ya nyani tangu 2011 zimefanya hivyo kwa ufundi mkubwa.

Hata Nyanda za Juu Kusini tuna somo letu katika hilo. Mwaka 2003 watafiti walimkuta kipunji kwenye misitu ya Mlima Rungwe, nyani ambaye sayansi haikuwa imemwandika kamwe, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimtaja. Mnyama kama huyo apigwe picha porini kwake, naye aachwe aendelee na mambo yake. Mwanamichezo wa filamu awe mnyama ambaye amezoea kuishi na watu na anayefurahia kazi.

Punda milia naye? *Racing Stripes* ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Frederik Du Chau, inamhusu punda milia mchanga aliyeachwa na sarakasi kando ya barabara usiku wa mvua, akalelewa kwenye shamba la farasi Marekani, akaamini kwamba yeye ni farasi wa mashindano. Hadithi imewekwa Kentucky, lakini picha zilipigwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wanyama wote wa shamba huongea, na utani mwingine umelengwa kwa mtu mzima. Naipenda kuliko wakosoaji walivyoipenda. Kinachoniuma ni kwamba punda milia ndani yake ni mgeni, kiumbe wa ajabu asiye na kwao. Kaskazini mwa Makongolosi, ukiifuata njia ya Rungwa, ni nchi yake. Ruaha kuna makundi yake. Hata hivyo, watoto wengi wa wilaya hii wamemwona kwenye televisheni tu, tena mara nyingi akiwa katuni yenye lafudhi ya Kimarekani. Historia nayo ingetupa hadithi nyingine kabisa: enzi za Wajerumani yalifanyika majaribio ya kumfuga punda milia upande wa Kilimanjaro, kwa matumaini kwamba angevuta mizigo bila kuuawa na magonjwa ya mbung'o yaliyokuwa yakimaliza farasi. Hakukubali kufugwa. Mnyama ambaye watawala walishindwa kumtawala anastahili filamu ya kuchekesha, na anayestahili kuitengeneza ni sisi.

Maana tusijidanganye kwamba jambo hili ni la kigeni. Bibi zetu walikuwa na mnyama mwanamichezo kabla ya umeme kufika. Nani hajasimuliwa mbio za sungura na kobe? Wazungu wana yao, ambayo sungura analala na kobe anashinda kwa uvumilivu. Katika masimulizi mengi ya huku kwetu kobe hangojei mwenzake alale. Anawaita ndugu zake, anawapanga kila baada ya mwendo fulani mpaka mwisho wa njia, na sungura kila akiita anaitikiwa mbele yake. Anakimbia mpaka anachoka. Watoto wanaosikiliza hucheka kwa kelele kwa sababu wanaijua siri ambayo sungura haijui. Hiyo ni filamu tayari. Ina mchezo, ina kichekesho, ina familia nzima ya kobe iliyoshirikiana, na ina swali ambalo watoto watabishana nalo njiani kurudi nyumbani: kobe amecheza kihalali, au ameiba ushindi? Hakuna kanuni iliyosema ndugu wasisaidie. Utaona ni swali lile lile la mwamuzi wa Fernfield.

Wahindi, ambao filamu zao zimelea vizazi vya Watanzania, waliujua utamu huu mapema. Mwaka 1971 *Haathi Mere Saathi* ilimpanga Rajesh Khanna na tembo, na watu walilia kumbini. Mwaka 1994 *Hum Aapke Hain Koun..!* ya Sooraj Barjatya ilimweka mbwa mdogo mweupe, Tuffy, kuwa mwamuzi wa mechi ya kriketi ya ukoo, na baadaye mbwa huyohuyo ndiye anayeifanya siri kubwa ya hadithi imfikie anayehusika. Waliokua na filamu hiyo wamemsahau mjomba na shangazi, Tuffy wanamkumbuka.

Na wageni walikuja kupiga picha hapa hapa. *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na John Wayne ndani yake, ilitengenezwa Tanganyika, upande wa Arusha. Kinachokumbukwa na wengi ni tembo watoto watatu wanaomfuata mwanamke kila aendako, na muziki wa Henry Mancini uliotungwa kwa ajili yao. Dunia nzima iliimba mlio huo kwa mluzi. Jina la filamu lilikuwa la Kiswahili, wanyama walikuwa wetu, mbuga zilikuwa zetu. Waafrika ndani yake walikuwa wa kubeba na kushangilia.

Wa kwetu waliojaribu kumtengenezea mtoto filamu ni wachache. Steven Kanumba alikuwa mmoja wao. *Uncle JJ* na *This Is It* ziliwapa watoto waigizaji nafasi ya mbele, na familia zilikaa kuzitazama pamoja. Alifariki Aprili 2012, na njia hiyo ikaota nyasi. Upande wa katuni tumefanya vizuri zaidi. *Ubongo Kids*, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 2014, inawafundisha watoto hesabu na sayansi kwa nyimbo, na wanyama wamejaa humo. *Tinga Tinga Tales* ilichorwa Nairobi kwa mtindo wa mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, ikasambazwa duniani mwaka 2010. Filamu ya kawaida, ya mnyama wa kweli na mtoto wa kweli uwanjani, bado tunaingoja.

Shujaa wake tunaye. Aliitwa Magawa.

Magawa alikuwa panya buku, aliyezaliwa mwaka 2013 katika kituo cha APOPO kilichoko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. APOPO ni shirika lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, aliyewahi kufuga panya utotoni na akajiuliza kwa nini pua zile zisitumike kutafuta mabomu ya ardhini. Panya buku ana macho hafifu na pua kali kupita kiasi, na wepesi wake ndio uhai wake. Magawa alikuwa na kilo moja na robo hivi, mzito kwa panya, lakini mwepesi mno kulipua bomu kwa kulikanyaga.

Tazama mazoezi yao, kwa sababu filamu imelala hapo. Panya huvishwa mikanda kifuani, mikanda inaunganishwa na kamba iliyovutwa kati ya walimu wawili wanaosimama pande mbili za kipande cha ardhi. Anatembea kwenye mstari, pua chini, ndevu zikicheza. Anafika upande wa pili, walimu wanasogea hatua moja, anarudi. Akinusa baruti anasimama na kukwaruza udongo kwa miguu ya mbele. Mwalimu anabonyeza kidude kinachotoa mlio mdogo wa “tik”, na panya anamkimbilia kuchukua zawadi yake, kipande cha ndizi au karanga. Hakuna fimbo. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa, na mwisho wake kuna mtihani: wanaomwongoza hawajui yalikofichwa mabomu ya mazoezi, na panya lazima ayapate yote. Asiyefaulu hapelekwi kokote.

Magawa alifaulu. Mwaka 2016 akapelekwa Kambodia, nchi iliyojaa mabomu tangu enzi za vita vyake. Panya mmoja anaweza kukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa dakika 30 hivi, kazi ambayo mtu mwenye mashine ya kutambua vyuma huweza kuifanya kwa siku nne, kwa kuwa mashine hupiga kelele kwa kila msumari na kizibo, na panya hajali chuma, anajali baruti tu. Kufikia Septemba 2020 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 39 na mabaki mengine ya vita ambayo hayajalipuka 28. Mwezi huo shirika la Uingereza la PDSA, ambalo hutoa nishani ya dhahabu kwa wanyama mashujaa, lilimpa yake. Alikuwa panya wa kwanza kutuzwa katika miaka 77 ya shirika hilo ya kutunuku wanyama, na wote waliotangulia kupata nishani hiyo ya dhahabu walikuwa mbwa. Alistaafu Juni 2021 na kufa Januari 2022. Mtanzania mwenzake, Ronin, aliyezaliwa kituo hichohicho, ameivunja rekodi yake: mabomu 109 kati ya Agosti 2021 na Februari 2025.

Katika nyumba zetu panya ni adui wa ghala. Anatafuna mbegu, anachafua unga, anawindwa kwa mtego na paka. Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini anafundishwa kumpiga anapomwona. Sasa fikiria filamu inayoanza hapo, kwenye kihenge cha mahindi, mtoto akiwa ameinua fimbo, na inayokwenda mpaka siku kijiji cha mbali kabisa kinapolima tena shamba ambalo kilikuwa hakithubutu kulikanyaga. Vichekesho vitajileta vyenyewe: panya anayestaafu na kukataa ndizi za bei rahisi, mwalimu kijana anayemficha mkwewe kwamba kazi yake ni kufundisha panya, forodha ya uwanja wa ndege. Tabasamu na chozi viko karibu sana katika hadithi hii.

Wanamichezo wengine nao hawakosekani. Lamu kuna mbio za punda kila mwaka, vijana wakiwapanda bila tandiko kando ya bahari, na mshindi hubebwa mtaani. Punda amekuwa na miaka migumu: ngozi yake ilitafutwa kwa dawa za Kichina mpaka Tanzania ikapiga marufuku kumchinja mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2024. Filamu ya kuchekesha inayompa punda heshima ingekuja wakati mwafaka.

Makongolosi penyewe? Wilaya ya Chunya imeshaishi filamu ya michezo. KenGold, timu ya wachimbaji, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25, ikacheza na Simba na Yanga, kisha ikashuka msimu huohuo. Watoto waliovaa jezi zake mwaka ule hawajazivua. Na katika kila mtaa wenye makarasha yupo mbwa koko anayelala kivulini mwa plenti ya kuchenjulia dhahabu na kuamka mpira ukianza. Anaukimbiza, anaunyang'anya, anaondoka nao, na mechi nzima inageuka kumfukuza yeye. Watoto wanamrushia mawe. Mmoja wao akiamua kumrushia mpira badala ya jiwe, muswada umeanza.

Utaalamu wa kumfunza upo nchini. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na walimu wake wanajua kumfundisha mbwa kazi ngumu kuliko kudaka mpira. Chuo Kikuu cha Sokoine kuna madaktari wa mifugo wa kusimamia afya ya mnyama kwenye eneo la kupigia picha. Sharti moja lisikosekane: mbwa wa filamu na mbwa wote wa mtaa huo wachanjwe kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu bado unaua Watanzania, wengi wao watoto, na chanjo ya mbwa ndiyo kinga yake. Siku ya kupiga picha iwe pia siku ya chanjo, kwa sababu mtoto atakayetoka bandani akimpenda Buddy atakwenda kumkumbatia mbwa wa jirani.

Kwa wenye mabanda wa Makongolosi, Chunya, Mkwajuni na kwingineko: tengeni saa mbili za Jumapili mchana kwa filamu ya familia, teremsheni sauti, na mama aingie na mwanawe bila kiingilio cha mtoto. Kwa Bodi ya Filamu na televisheni ya taifa: mashindano ya kila mwaka ya muswada wa filamu ya watoto hayahitaji fedha nyingi, na yangewapa waandishi wa Mbeya na Iringa sababu ya kukaa mezani. Kwa watayarishaji wetu: kituo alikofunzwa Magawa bado kinafanya kazi Morogoro, panya wapya wanaingia mazoezini kila mwaka, na walimu wao ni Watanzania wenye hadithi ambazo hakuna aliyezipigia picha ya filamu. Nendeni mkaziombe kabla hazijanunuliwa na wengine.